Wagonjwa wamejisajili kwenye potali lakini hawarudi, tufanyeje?

Swali: Habari mtaalamu. Niko kitengo cha TEHAMA, hospitali moja mkoa wa Tanga. Mwaka jana tulijenga potali ya wagonjwa wa kliniki ya sukari na presha. Mtu anaona vipimo vyake, dawa zake, tarehe ya kliniki, na anaweza kuingiza presha anayopima nyumbani. Lengo la uongozi ni wagonjwa wasimamie afya zao wenyewe. Waliojisajili ni wengi tu ila wanaoingia mara ya pili ni wa kuhesabu kwa vidole. Sasa tunaambiwa tuongeze grafu na nyota za kuwatia watu moyo. Tunakosea wapi?

Jibu:

Kaka pole na kazi, na asante kwa kunitumia picha za skrini, maana watu wengi wananiuliza potali yao ina shida gani bila kunionyesha potali yenyewe. Nianze na hizo nyota ili tuzimalize: usiziweke. Mama wa miaka 58 ana sukari, ana presha, analea wajukuu watatu, ameingiza presha yake alafu unampa nyota ya dhahabu kama mtoto wa chekechea, atakushangaa. Grafu tutaifikia.

Mimi kabla sijaingia kwenye mambo ya mifumo nilikuwa nesi kliniki ya sukari, kwahiyo skrini yako ya kwanza naiangalia kwa macho ya yule aliyekaa kwenye benchi toka saa kumi na mbili asubuhi. Ninachokiona ni jedwali. Jina la kipimo kwa kiingereza, namba, kiwango cha kawaida, na mwisho herufi H (iko juu) au L (iko chini). Hiyo ni karatasi ya maabara, mmeitoa kwenye faili mmeibandika kwenye simu. Maabara wanaielewa, daktari anaielewa. Aliyetobolewa kidole ndo hayumo.

Niliwahi kukaa na bibi mmoja, hospitali siitaji, tunajaribu mfumo unaofanana na huu wenu. Nikampa simu nikamwambia bibi hebu nisomee hapa unaona nini. Akavaa miwani, akasogeza simu mbali kidogo, akapita taratibu na kidole mpaka kwenye H nyekundu pembeni ya kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Akatabasamu. "H si ndo Hakuna? Hakuna shida." Majibu yake yalikuwa asilimia 11, wakati watu wazima wengi tunawalenga chini ya 7. Nikamuuliza na hiyo rangi nyekundu je, akasema nyekundu ndo rangi ya hospitali, kwani msalaba wao una rangi gani. Sikuwa na la kumjibu, maana kwa alichokiona yuko sahihi kabisa. Ni ugonjwa uleule wa "chanya" na "hasi": mtaani chanya ni kitu kizuri, alafu sisi tunamwandikia mtu majibu yake ni chanya tunashangaa kwanini amefurahi.

Tulichofanya pale tulitoa jedwali skrini ya kwanza tukaweka maneno haya: "Sukari yako ya miezi mitatu ni 11. Iko juu, tunataka ishuke chini ya 7. Usiongeze wala kupunguza dawa mwenyewe. Njoo kliniki Jumanne, au bonyeza hapa uongee na nesi." Daktari mmoja akasema tunawafanya wagonjwa watoto. Jedwali hatukulitupa, lipo nyuma, mtu akibonyeza "namba zote" anaziona, kwasababu wapo wanaozitaka na ikitokea amelazwa hospitali kubwa kama Bombo au KCMC daktari wa huko atazihitaji. Ila la kwanza kuonekana ni sentensi, na sentensi lazima iseme mambo matatu: hali ikoje, tunaelekea wapi, wewe sasa hivi fanya nini. Kama huna cha kuandika hapo kwenye "fanya nini", basi hicho kipimo hakina haraka ya kukaa mbele.

Alafu kuna hili neno la uongozi, wagonjwa wasimamie afya zao. Hakuna mtu anaamka asubuhi akasema leo ngoja nikasimamie afya yangu. Anaamka na shida ndogondogo: majibu yametoka? Dawa zangu zinaisha lini, na nikija nitazikuta au nitaambiwa kanunue nje? Nije siku gani na nianzie dirisha gani? Bima imepita? Mtu anashuka kutoka Mlalo, nauli kwenda na kurudi, kafika dirisha la dawa anaambiwa dawa yake ya presha, amlodipini, hakuna. Kama potali ingemwambia jana yake kwamba ipo au haipo, huyo mtu angeifungua kila mwezi bila nyota yoyote, na angewaambia na wenzake kwenye basi. Najua utaniambia famasi hawatoi taarifa za stoo. Ndiyo, hapo ndo penye kazi yenyewe, na ni kazi ya vikao zaidi kuliko ya kompyuta, kwahiyo ukiambiwa uongeze kitu kimoja mwaka huu omba hicho.

Sasa nikupeleke Kenya kidogo. Kuna utafiti unaitwa WelTel, ulitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2010. Walichukua watu 538 waliokuwa wanaanza ARV kwenye kliniki tatu, kazi ilifanyika kati ya 2007 na 2008, enzi ambazo simu ya wengi ni kitochi. Nusu yao wakawa wanatumiwa meseji moja kila wiki, na meseji yenyewe ni neno moja: "Mambo?" Mgonjwa anatakiwa ajibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Akijibu Shida anapigiwa simu na mhudumu wa afya. Akikaa kimya anapigiwa pia. Imeisha. Waliokuwa wanameza dawa vizuri kwenye kundi la meseji ni asilimia 62, kundi lingine 50. Waliofanikiwa kushusha virusi asilimia 57 kwa 48. Hakuna apu, hakuna grafu, hata neno dawa halimo kwenye meseji, kwahiyo mke au jirani akiishika simu anaona tu mtu anasalimiwa.

Watu wengi wakisoma utafiti huu wanaondoka na meseji. Na mimi nilikuwa mmoja wao, ngoja nikusimulie maana ndo kisa kilichonifanya niache kuamini mifumo peke yake.

Kuna mahali tuliiga. Tukasema "Mambo?" huwezi kumwandikia mzee wa miaka 70 wa Pangani, atakuuliza umelelewa na nani. Kwahiyo tukaandika kwa adabu: "Shikamoo mzee. Kesho ni siku yako ya kliniki ya sukari. Karibu." Tulijipongeza sana kwa hiyo shikamoo. Meseji zilikuwa zinatoka kwenye laini ya kawaida iliyochomekwa kwenye modemu, majibu yakija yanaingia kwenye folda moja ndani ya seva ambayo hakuna aliyepangiwa kuifungua, kwasababu kwenye mchoro wetu mshale ulikuwa unaelekea upande mmoja tu. Siku moja nahamisha data nikaifungua. Zilikuwemo nyingi. Wazee walikuwa wanaitikia. Marahaba, marahaba mwanangu, marahaba Mungu akubariki, na mmoja akawa ameandika: "Marahaba mwanangu hatujambo ila kidole kidogo cha mguu kimefanya kidonda na hakiumi kwahiyo kesho sitokuja nitakuja mwezi ujao."

Ukimwonyesha nesi yeyote wa kliniki ya sukari hayo maneno "kidonda" na "hakiumi" atasimama hapohapo. Kidonda kisichouma kwa mgonjwa wa sukari maana yake mishipa ya fahamu ya mguu imeshachoka, anatembelea jeraha hajui. Meseji ilikuwa na wiki tano. Tulipompata kidole kilishakatwa hospitali nyingine. Hakutulaumu hata kidogo, alisema "mimi niliwaambia", basi, kwa sauti ya kawaida tu.

Tuliiga meseji tukamsahau yule anayepiga simu. Kwahiyo kaka swali langu kwako, kabla ya rangi na kabla ya grafu, ni hili: mgonjwa akiandika kitu kwenye potali yenu, ni nani kwa jina anasoma, na anasoma saa ngapi? Kwenye skrini ya tatu uliyonitumia kuna kisanduku kimeandikwa "Maoni na ushauri". Nimekupigia mara mbili kuuliza kinaelekea wapi, ukasema kwenye barua pepe ya kitengo. Yaani kwako wewe wa TEHAMA. Wewe utafanya nini na kidonda?

Mnachohitaji ni nesi mmoja mwenye zamu inayojulikana, tuseme dakika 90 kila siku ya kazi, na akiwa likizo ajulikane anayemshika. Kwenye skrini muandike wazi: "Ujumbe unasomwa Jumatatu hadi Ijumaa, utajibiwa kabla ya saa 10 jioni. Ukiwa na maumivu ya kifua, umeishiwa nguvu upande mmoja, au sukari imeshuka unatoka jasho na kutetemeka, usiandike hapa, njoo hospitali sasa hivi." Mfumo unaweza kumsaidia nesi kwa kupandisha juu meseji zenye maneno kama kidonda, ganzi, naona ukungu, nimeanguka, lakini usiuache uamue peke yake ipi isomwe na ipi isisomwe, maana mtu wa Tanga akiwa na hali mbaya anaweza kuandika "najisikia si sana" akaishia hapo. Na kitu cha kiufundi ambacho watu wanakisahau: mkituma meseji kwa jina la hospitali badala ya namba, simu ya mgonjwa haiwezi kujibu, itagoma. Kama hamna mtu wa kusoma majibu hiyo ni sawa na inawapasa mseme hivyo. Kama yupo, tumieni namba.

Madaktari wataogopa kwamba watazama kwenye meseji. Hiyo hofu ni ya zamani. Mwaka 2010 huko Boston, Pennsylvania na Seattle madaktari 105 walikubali kuwafungulia wagonjwa wasome yale maelezo wanayoandika kwenye faili, na wengi walikuwa na hofu hiyohiyo ya kazi kuongezeka. Mwaka ukaisha, hakuna hata mmoja aliyeamua kuacha. Kwako haitakuwa hivohivo, wao wana wasaidizi wengi, ila waonyeshe hilo kwenye kikao.

Turudi kwenye presha za nyumbani, maana hapa ndo potali yenu ina nafasi kubwa kuliko mnavyodhani. Uingereza walifanya utafiti mmoja, ulitoka kwenye Lancet 2018, watu 1,182 ambao presha haikuwa imekaa sawa. Kundi moja daktari anarekebisha dawa kwa kipimo cha kliniki kama kawaida, kundi la pili wanapima wenyewe nyumbani, la tatu wanapima na kutuma kwa simu. Baada ya mwaka ile namba ya juu ya presha ilikuwa wastani wa 140 kundi la kawaida, 137 waliopima, 136 waliopima na kutuma. Tofauti inaonekana ndogo ila kwenye presha hizo pointi tatu nne kwa watu wengi zinazuia viharusi. Kinachonivutia ni kwamba daktari alitumia zile namba kubadilisha dozi. Kwenye potali yenu mgonjwa anaingiza presha, inakaa kwenye grafu nzuri ya bluu, akija kliniki daktari anapima upya na kuandika ya kwake. Mgonjwa siyo mjinga, akishaona mara mbili kwamba hakuna aliyeuliza zile namba, anaacha. Ungekuwa wewe ungeendelea?

Kwahiyo kabla ya grafu nataka uweke mstari mmoja kwenye skrini ya daktari: wastani wa presha za nyumbani za wiki iliyopita, umekaa pembeni ya anayoipima yeye, asilazimike kufungua ukurasa mwingine. Na mkumbuke nyumbani kizingiti cha kusema presha iko juu ni 135/85, kliniki ni 140/90, mfumo wenu sahivi unatumia kimoja kwa vyote. Upande wa mgonjwa, kabla hajaingiza namba mpe picha: kaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini usikunje nne, mkono mezani usawa wa moyo, usivalishe mashine juu ya nguo, pima mara mbili. Alafu hicho kisanduku chenu kinachotaka namba ya juu sehemu yake na ya chini sehemu yake kwa majina ya kidaktari kitoeni. Watu wanasema "mia arobaini kwa tisini". Weka kisanduku kimoja aandike 140/90, au 140 kwa 90, au 140 90, kazi ya kutenganisha ni ya kwenu.

Grafu yenyewe sasa. Wengine wanaipenda, hasa vijana na walimu. Wengi wanaona nyoka. Weka sentensi juu yake, "wiki hii presha yako imeshuka kuliko wiki iliyopita", nyoka akae chini.

Kuna mambo ya simu ambayo kwa mtu wa mjini hayaonekani. Simu siyo ya mtu mmoja. Laini imesajiliwa kwa jina la mtoto, simu inabaki kwa mama mdogo, ya mgonjwa imeharibika kioo. Nimeona kwenye usajili wenu mnatuma namba ya uthibitisho kwa meseji kila mtu anapoingia, sasa kama laini iko kwa kijana wake machinga Dar, bibi wa Lushoto ataingiaje? Msilazimishe mgonjwa ajifanye yuko peke yake duniani. Wekeni nafasi ya msaidizi: mgonjwa anasema mwenyewe, mbele ya nesi, huyu binti yangu aone tarehe na dawa lakini majibu mengine asione. Na aweze kumtoa siku wakigombana. Kwenye kliniki za kifua kikuu na VVU msaidizi wa matibabu ni kitu cha kawaida miaka mingi, ninyi mnakihamishia tu kwenye skrini. Tanga pia wapo wengi ambao mtoto yuko Maskati ndo analipia dawa, huyo akiona dawa zinaisha tarehe 14 atatuma hela tarehe 10.

Ila meseji inayotokea kwenye kioo kabla simu haijafunguliwa isitaje ugonjwa. "Una ujumbe kutoka kliniki, ingia usome" inatosha, na kwa baadhi ya watu hata neno kliniki ni kubwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwahiyo mwanasheria wa hospitali akae na ninyi mapema.

Vitochi: meseji moja ni herufi 160, na menyu ya nyota na reli (ile ya kubonyeza * na #) inabeba kama 182 kwa skrini moja na inakatika mtu akichelewa kufikiria. Kwahiyo menyu yenu iwe na vitu vitatu, tarehe yangu, dawa zangu, nipigiwe. Hicho cha tatu ndo kitatumika sana, utaniambia. Kwa wenye simu janja, ukurasa wenu wa kwanza una picha ya jengo la hospitali ambayo inakula bando kabla mtu hajaona chochote. Jengo analijua, alikuja jana.

Saa. Hili naliona kila mahali na linanichosha. Mfumo umeandika miadi "02:00" bila kusema asubuhi au usiku, au mtu alibadilisha kwenda kiswahili kwenye maneno akasahau saa, ukaandika "8:00" na mzee akaja saa nane mchana daktari ameshaondoka. Andika "Jumanne saa 2 asubuhi" kwa maneno, basi. Na dawa vilevile, 1x2 wengine wanaijua kwenye bahasha ya dawa lakini kwenye skrini andika "kidonge kimoja kutwa mara mbili, asubuhi na usiku, baada ya kula".

Na hapo kwenye kutwa mara mbili uniambie, Ramadhani inakuwaje? Nimepita kwenye ratiba zenu za kukumbusha dawa, mwezi mzima wa Ramadhani zinalia saa 2 asubuhi na saa 7 mchana. Tanga! Mgonjwa aliyefunga simu inamlilia mchana akameze dawa na kula, siku ya tatu anazima ukumbusho wote na hauwashi tena hata baada ya Idi. Huenda mmepoteza watu wengi hapo, angalia tarehe walizoacha kuingia. Muongozo wa kimataifa wa sukari na Ramadhani uliotolewa 2021 na IDF (shirikisho la kimataifa la kisukari) na wenzao wa DAR (muungano wa kisukari na Ramadhani) unataka mgonjwa aonane na daktari wiki sita mpaka nane kabla ya mwezi, apimwe kiwango chake cha hatari kwa alama, wengine waambiwe wazi wasifunge, wanaofunga wapangiwe dawa upya kwenye futari na daku. Potali ingeweza kuanza hiyo kazi mwezi Rajabu: "Je, unakusudia kufunga?" Ndiyo, hapana, sijaamua. Anayesema ndiyo anapangiwa tarehe. Alafu wakati wa mwezi mkumbushe kwamba kujitoboa kidole kupima sukari hakufunguzi, wapo wengi hawajui, na kwamba namba ya mashine ya kidole (mmol/L, siyo ile asilimia ya miezi mitatu) ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 afungue. Mtafute shehe mmoja anayeheshimika msikiti wa karibu arekodi hiyo kwa sauti, dakika moja. Mgonjwa atamsikiliza huyo kuliko wewe na mimi.

Usajili. Mlikaa na meza siku ya uzinduzi, watu wakaandikwa kwa mkupuo wakapewa fulana, ndo maana majina ni mengi. M-Pesa ilipoanza Kenya 2007 na kuja kwetu 2008 watu hawakujifunza kwa bango, walijifunza kwa wakala kibandani, mtu anayemjua, anashika simu yake mwenyewe anaelekezwa bonyeza hapa, na hela inafika mbele ya macho yake. Wakala wako ni yule anayepima presha kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari. Mgonjwa akae pale na simu yake, aingize presha aliyopimwa sasa hivi, kwa kidole chake, alafu akiingia ndani daktari aseme "naona umeingiza 150 kwa 95". Dakika tatu. Ile sekunde daktari anaitaja ndo usajili wenyewe. Namba ya siri iwe ya tarakimu nne kama ya kwenye pesa za simu, achaneni na herufi kubwa na alama za ajabu, na akisahau arudishiwe palepale dirishani.

Uongozi watakuuliza pia kama majibu yaende kwa mgonjwa moja kwa moja au daktari ayaone kwanza. Marekani sheria ya Cures iliyopitishwa 2016 iliishia kulazimisha kuanzia Aprili 2021 majibu yasicheleweshwe, na wagonjwa zaidi ya 8,000 walipoulizwa kwenye utafiti wa 2023, karibu asilimia 96 walisema wanayataka hivohivo hata kama daktari hajayaona, ingawa ambao majibu yao hayakuwa mazuri waliongezeka wasiwasi zaidi ya wengine. Mimi kwa sukari, figo na mafuta nasema yaende. Kwa nyama iliyopelekwa kupimwa saratani, na kwa VVU, muulize mtu siku unayochukua sampuli: yaje kwenye simu au uje tukae? Iandikwe. Huna haja ya kuwaamulia watu wote.

Na usiwaahidi uongozi miujiza. Mapitio ya 2021 ya Cochrane (mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya) yaliyokusanya tafiti za wagonjwa kufunguliwa mafaili yao yalikuta mengi hayana uhakika, kilichoonekana kinaweza kuimarika ni mambo kama kufuata dawa na kufuatilia vipimo. Kwahiyo ripoti yako isihesabu akaunti. Hesabu meseji ngapi za wagonjwa zilijibiwa siku hiyohiyo, na dozi ngapi zilibadilishwa kwasababu ya presha ya nyumbani. Ukikuta ni sifuri utajua wapi pa kuanzia.

Wiki ijayo usiguse kodi yoyote ya programu. Jumanne nenda kliniki, acha kitambulisho cha kazi nyumbani, kaa benchi la nyuma karibu na mzani, chukua simu yako yenye hiyo potali na uwape watu watano mmoja mmoja, waambie nisomee hapa unaona nini, alafu unyamaze, usimsaidie hata akikwama. Andika maneno yao kama walivyoyasema. Ukimaliza nitumie hiyo karatasi kabla hujanitumia skrini mpya, na uniambie na hicho kisanduku cha maoni kimepata mwenyewe au bado kinaingia kwako.